Nairobi hadi New York kwa ndege: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekaa nyuma ya dawati la tiketi hapa Mombasa miaka mingi, na hakuna njia ninayoulizwa kama hii. Watu huingia na swali moja tu: "Ni saa ngapi mpaka Amerika?" Nikijibu saa 15 wanaridhika, wanakwenda zao, kisha wanarudi na maswali mengine kumi. Nimeyakusanya hapa, pamoja na majibu ninayoyatoa dawatini.

Kutoka Nairobi hadi New York ni kilomita ngapi?

Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta (NBO) hadi uwanja wa John F. Kennedy (JFK) ni kilomita 11,840 hivi, ukipima kwa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Kwa maili za nchi kavu ni 7,355. Marubani huhesabu kwa maili za baharini, na kwao ni 6,390. Kwa lugha ya mtu wa Pwani, ni kama kwenda na kurudi Nairobi kutoka Mombasa kwa barabara mara kumi na mbili, bila kushuka Mtito Andei kunywa chai.

Ukiona mahali pengine pameandikwa tofauti ya kilomita chache, usihangaike. Mwingine anapima kutoka katikati ya mji hadi katikati ya mji, mwingine kutoka uwanja hadi uwanja. Tofauti ikiwa ya mamia ya kilomita, basi huyo amehesabu njia yenye kituo katikati.

Na muda je?

Ndege ya moja kwa moja hupangiwa takriban saa 15 kwenda na saa 14 kurudi. Hizo ni saa za ratiba, yaani tangu ndege inapoondoka ilipoegeshwa Nairobi hadi inaposimama mlangoni JFK. Ndani yake mna dakika za kutambaa ardhini na kusubiri zamu ya kupaa, na upande wa New York mna kuzungushwa angani kidogo foleni ikiwa ndefu. Muda wa kuwa hewani hasa ni pungufu ya huo. Ndiyo maana rubani anaweza kutangaza "tutaruka kwa saa kumi na nne na dakika ishirini" wakati tiketi yako inasema kumi na tano. Hajakudanganya, wala tiketi haijakudanganya.

Mbona kwenda ni muda mrefu kuliko kurudi? Ni kwa sababu dunia inazunguka?

Hili huulizwa na watu wazima waliosoma, tena kwa kunong'ona. Hapana. Dunia inapozunguka, hewa nayo inazunguka pamoja nayo, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Ingekuwa ndege inaachwa nyuma na dunia, basi helikopta ingepaa Likoni, ikatulia angani saa moja, na ikatua Kongo.

Sababu ni upepo. Katika latitudo za kati, karibu na kimo ambacho ndege kubwa huruka, yaani kama kilomita 10 hadi 12 juu, kuna mikondo ya upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Mara nyingi unazidi kilomita 150 kwa saa, na wakati wa baridi ya kaskazini huzidi hata hapo. Ndege ya Boeing 787 hukata hewa kwa takriban kilomita 900 kwa saa. Ukikutana na upepo wa kilomita 100 usoni, juu ya ardhi unasonga kwa 800 tu. Ukikusukuma mgongoni, unasonga kwa 1,000. Mabaharia wa majahazi walilijua jambo hili zamani kwa kaskazi na kusi, tofauti ni kwamba wao walisubiri miezi.

Kwa hiyo anayekwenda New York mwezi wa Januari asishangae ndege ikichelewa kidogo kuliko aliyekwenda Julai. Naye anayerudi Januari huenda akafika mapema, akawakuta ndugu zake bado wamo kwenye foleni ya magari ya Mombasa Road.

Kwenye skrini ya kiti niliona ndege inapinda kwenda juu kabisa, karibu na Morocco. Kwa nini isinyooke?

Imenyooka. Ramani ndiyo iliyopinda.

Chukua tufe, sio ramani ya ukutani. Shika uzi, ncha moja iweke Nairobi na nyingine New York, halafu uvute mpaka ukaze. Uzi utapita kaskazini mwa Uganda, Sudan Kusini, pembe ya Darfur, Chad, Niger, kusini mwa Algeria, kisha Morocco, na utaingia Atlantiki karibu na mji wa Safi. Baharini utapita jirani kabisa na visiwa vya Azores vya Ureno, upande kuelekea kusini mwa Newfoundland, ndipo ushuke hadi New York. Hiyo ndiyo njia fupi.

Sasa chukua rula na ramani ya ukutani ile ya shuleni, inayofanya Greenland ionekane kubwa kama Afrika. Mstari wa rula utatokea baharini kwenye pwani ya Mauritania, na ukiufuata kweli utasafiri zaidi kwa kilomita 350 hivi. Kwa ndege hiyo ni karibu nusu saa ya mafuta.

Je, ndege hufuata njia hiyo ya uzi bila kuacha?

Siku hizi, hapana. Tangu vita vilipozuka Sudan mwezi wa Aprili 2023, ndege za abiria zimekuwa zikiikwepa anga ya nchi hiyo. Libya nayo mashirika mengi yaliiacha miaka mingi kabla. Na hata bila vita, kila siku wapangaji wa safari hutazama upepo na mawingu ya mvua kubwa ya Afrika ya kati, wakachora njia upya. Njia ndefu kwa kilomita 200 inaweza kuwa fupi kwa dakika ishirini kama imeukwepa upepo wa usoni.

Ndiyo maana huwa nasema: kilomita niulize leo nitakujibu hata mwakani, dakika niulize siku yenyewe.

Ndege hii ni ya nani, na ilianza lini?

Safari ya moja kwa moja ilianzishwa na Kenya Airways tarehe 28 Oktoba 2018 kwa ndege aina ya Boeing 787-8. Kabla ya hapo Kenya ilihitaji kupata daraja la kwanza la usalama wa anga kutoka mamlaka ya anga ya Marekani, nayo ililipata Februari 2017. Ndege hiyo ina viti 234, na safari moja huhitaji marubani wanne wanaopokezana na wahudumu 12. Mafuta yaliyotajwa wakati ule ni tani 85 kwa safari ya upande mmoja. Fikiria uzito wa tembo wakubwa kumi na kitu, wote ni mafuta, umo ndani ya mabawa na tumbo la ndege.

Kwa nini huondoka usiku? Nachukia kusafiri usiku.

Sababu moja ni biashara. Ukiondoka usiku unafika New York asubuhi, na siku nzima iko mbele yako kwa ndege za kuunganisha kwenda miji mingine.

Sababu ya pili ni ya kimaumbile, nami ndiyo ninayopenda kuieleza. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, na jua la mchana huifanya iwe nyepesi zaidi. Hewa nyepesi hainyanyui bawa vizuri, wala haiipi injini nguvu yake yote. Sasa ndege hiyo imebeba mafuta ya saa 15, abiria na mizigo yao (na mizigo ya Wakenya mnaijua). Usiku hewa inapopoa inakuwa nzito, na ndege hupaa na uzito zaidi. Njia ya kurukia ya Nairobi ina urefu wa zaidi ya kilomita nne, na usiku kama huo ndege nzito huitumia sehemu kubwa. Ukiona inakimbia na kukimbia bila kunyanyuka, usishike rozari au tasbihi kwa hofu. Ndivyo ilivyo.

Majirani zetu wa Addis Ababa wana shida kubwa zaidi. Uwanja wa Bole uko mita 2,334, ndiyo maana baadhi ya ndege zinazotoka huko kwenda Amerika husimama njiani kuongeza mafuta, ilhali zikirudi huja moja kwa moja.

Tiketi yangu inasema 00:30 tarehe 14. Niende uwanjani lini?

Usiku wa tarehe 13. Narudia: tarehe 13, baada ya magharibi, uwe njiani.

Swali hili limewakosesha watu wengi safari kuliko foleni, mvua na polisi wa barabarani wakiwekwa pamoja. Kwetu siku huanza jua linapozama. Tunasema "usiku wa kuamkia Jumatano", na tunaelewana. Tarehe ya tiketi haijui kuamkia. Tarehe hiyo hubadilika saa sita kamili ya usiku, kwa hiyo 00:30 ya tarehe 14 ni nusu saa tu baada ya tarehe 13 kwisha. Nilikuwa na mteja, mzee wa heshima, alifika uwanjani saa nne usiku wa tarehe 14 na masanduku mawili na wajukuu sita wa kumsindikiza. Ndege yake ilikuwa imeshatua New York tangu mchana.

Halafu kuna saa zenyewe. Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24 wa Kizungu. Toa sita, na ikibaki zaidi ya kumi na mbili toa tena kumi na mbili, uhesabu Kiswahili. Ukiona 23:25, ni saa tano na dakika ishirini na tano usiku. Ukiona 06:25, ni saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano asubuhi. Nimeshamwona mtu aliyesoma 06:25 akamwambia mwenyeji wake "nafika saa sita mchana". Mwenyeji alikwenda saa sita, mgeni amekaa juu ya sanduku tangu alfajiri.

Nikikatia mtu mzima tiketi, humwandikia nyuma ya karatasi kwa kalamu: siku, saa ya Kiswahili, na neno "usiku" au "mchana".

Nikiondoka saa tano usiku na safari ni saa 15, mbona nafika asubuhi ileile?

Kwa sababu New York iko nyuma yetu. Kenya haibadilishi saa mwaka mzima. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo tofauti ni saa 7 kipindi cha joto chao, na saa 8 kipindi cha baridi.

Tuchukue mfano wa kuondoka 23:25 mwezi wa Desemba. Ongeza saa 15, Nairobi itakuwa 14:25 ya kesho yake. Toa saa 8, New York ni 06:25, asubuhi ya kesho yake hiyohiyo. Kurudi ni kinyume: ukitoka New York 12:25 mchana wa Jumatatu, baada ya saa 14 kwao ni 02:25 usiku, lakini Nairobi ni 10:25 asubuhi, Jumanne. Anayekupokea mwambie Jumanne.

Jumapili hizo mbili za kubadilisha saa ndizo za hatari. Ukisafiri karibu nazo, tazama tiketi yako upya.

Kupitia Dubai, Doha au Amsterdam kunaongeza kiasi gani?

Amsterdam iko karibu njiani. Nairobi–Amsterdam ni kilomita 6,680, na Amsterdam–New York ni 5,850, jumla 12,530. Umeongeza kilomita 700 tu, si neno. Saa za kuruka ni kama nane na nusu, kisha nane nyingine, na muda wa kusubiri katikati.

Dubai ni hadithi nyingine. Unaanza kwa kuipa New York mgongo: kilomita 3,560 kwenda kaskazini mashariki, halafu 11,020 kutoka huko. Jumla inakaribia 14,600, yaani kilomita 2,700 na zaidi kupita njia ya moja kwa moja. Doha ni nafuu kidogo kuliko Dubai, si sana. Watu wanakwenda huko kwa sababu ya bei, au kwa sababu wana jamaa Ghuba wa kuwaona siku mbili, na hizo ni sababu nzuri. Ila usidanganywe na tiketi ya saa 22 ukadhani unaokoa nguvu.

Ninavyoona mimi: kijana mwenye mkoba mmoja apite anapopata bei nzuri. Mzee, mjamzito, au mama mwenye watoto wawili wadogo, aongeze fedha apande ya moja kwa moja kama anaweza.

Mimi ninaanzia Dar es Salaam. Je, hesabu inabadilika?

Dar hadi New York kwa njia ya uzi ni kilomita 12,440, lakini itabidi uunganishe mahali. Dar hadi Nairobi ni kilomita 670 hivi, saa moja na robo au moja na nusu. Mtu wa Entebbe ana kilomita kama 520 hadi Nairobi, na kwa kweli ndege ya New York ikifuata uzi itampita tena juu ya Uganda. Wa Mombasa tunaruka kilomita 425, chini ya saa moja.

Basi safari nzima, mlango hadi mlango, ni muda gani?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mtu aanze nalo, na hakuna anayeliuliza.

Nilimfanyia hesabu mama mmoja wa Kilifi aliyekuwa anakwenda kwa bintiye Minneapolis. Kutoka nyumbani hadi uwanja wa Mombasa, saa mbili, ukizingatia foleni ya Mtwapa. Kukaa uwanjani Mombasa, saa mbili. Kuruka hadi Nairobi, saa moja. Kusubiri Nairobi, saa nne, kwa sababu ndege ya Amerika ina ukaguzi wake wa ziada mlangoni na hupendi kufika unakimbia. Kuruka, saa 15. Uhamiaji na mizigo JFK, saa mbili. Kusubiri ndege ya ndani, saa tatu. Kuruka hadi Minneapolis, saa tatu. Gari hadi kwa binti, saa moja. Jumla saa 33.

Mama akanitazama, akasema, "Mwanangu, wewe uliniambia kumi na tano."

Tangu siku hiyo huanza na 33. Mtu akijua ni siku moja na theluthi, hupanga chakula, dawa na nguo vizuri, na watu wa nyumbani hawaanzi kupiga simu kwa wasiwasi baada ya saa 16.

Nikifika JFK nina ndege nyingine. Nipange nafasi ya saa ngapi?

Saa tatu, nne ni bora. Uhamiaji hufanyika hapo unapotua kwanza, hata kama unakwenda California. Utachukua masanduku yako, utapita nayo forodha, halafu utayakabidhi tena. Watu husahau hilo, wakadhani yatajipeleka.

Na angalia jina la uwanja kwenye tiketi ya pili. Eneo la New York lina viwanja vikubwa vitatu: JFK, LaGuardia na Newark, na Newark iko jimbo jingine, New Jersey. Kama umetua JFK na ndege inayofuata inaondoka Newark, una safari ya barabarani kuvuka mji mzima. Saa tatu hapo hazitoshi.

Ndege ina injini mbili tu na inavuka bahari usiku. Moja ikizima?

Itaruka na ile nyingine hadi uwanja wa karibu. Ndege za namna hii hupewa kibali cha kuvuka bahari kwa sharti la kutozidi umbali maalumu kutoka viwanja vya dharura, na visiwa vya Azores nilivyovitaja, hasa uwanja wa Lajes, vimepokea ndege nyingi za Atlantiki zilizopata hitilafu au mgonjwa ndani.

Mama yangu ana miaka 70 na presha. Atavumilia saa 15?

Wengi huvumilia, lakini mwanzo ni kwa daktari wake, sio kwangu. Dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, katika vifungashio vyake vyenye jina, pamoja na barua ya daktari. Zisiwe kwenye sanduku. Omba kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi. Ni bure, na sio aibu. Viwanja hivi ni vikubwa na yeye amezoea kutembea hadi sokoni tu.

Ndani ya ndege ainuke kila baada ya saa mbili hivi, atembee ujiani, azungushe vifundo vya miguu akiwa amekaa. Kukaa bila kusogea huweza kugandisha damu miguuni. Anywe maji, hata kama anaogopa kwenda chooni mara kwa mara. Mpe kiti cha ujiani, msimpe cha dirishani halafu mkamwambia atembee.

Habari moja njema kwa watu wa bara: hewa ndani ya Boeing 787 hudhibitiwa isiwe nyepesi kuliko ile ya mahali palipo kimo cha kama mita 1,800. Nairobi yenyewe iko karibu kimo hichohicho. Anayeishi Nairobi mapafu yake hayataona kitu kigeni. Sisi wa Pwani ndio tutasikia kichwa kizito kidogo.

Swala na saumu nifanyeje?

Kwa hukumu muulize sheikh wako. Mimi nitakueleza jua tu.

Kwenda, unakimbia pamoja na usiku. Desemba utaona magharibi ya Nairobi, na jua halitachomoza mpaka umeshatua New York. Ni usiku wa karibu saa 21. Kwa hiyo anayetazama saa ya mkononi iliyobaki kwenye saa za Nairobi atadhani alfajiri imempita, kumbe nje bado ni kiza totoro. Alfajiri hukaribia ndege inaposhuka.

Kurudi, mchana unafupishwa. Unaondoka New York adhuhuri, na jua linazama mapema kuliko ulivyozoea kwa kuwa unalikimbilia giza. Aliyefunga hutazama jua la dirishani, na kumbuka kwamba ukiwa kilomita 11 juu unaliona kwa dakika kadhaa baada ya watu wa chini kulipoteza. Msafiri ana ruhusa yake, na wengi niwajuao huitumia.

Mwili unachukua muda gani kuzoea saa mpya?

Kipimo cha kukadiria ni siku moja kwa kila saa ya tofauti, ingawa wengi hupona mapema. Kwenda ni rahisi kuliko kurudi, kwa sababu ni rahisi kuchelewa kulala kuliko kujilazimisha kulala mapema. Ukifika asubuhi, toka juani, usilale mpaka usiku wa huko.

Zamani watu walikwenda vipi?

Kwa kurukaruka. Septemba 1959, wanafunzi 81 wa Kenya walipelekwa New York kwa ndege ya kukodi ya mapangaboi, katika mpango aliousimamia Tom Mboya. Ilibidi kusimama njiani kujaza mafuta. Uwanja wa Nairobi wakati huo uliitwa Embakasi, na ule wa New York uliitwa Idlewild. Mwaka uliofuata, 1960, kundi kubwa zaidi lilisafiri, na fedha za safari, dola 100,000, zilitoka katika mfuko wa familia ya Kennedy. Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa waliokwenda mwaka huo, akasoma Kansas. Baba yake Barack Obama husemwa mara nyingi kuwa alikuwemo katika ndege ile ya 1959. Hakuwemo, yeye alikwenda Hawaii kwa njia yake.

Desemba 1963, baada ya Rais Kennedy kuuawa, Idlewild ukapewa jina lake. Embakasi ulipewa la Jomo Kenyatta mwaka 1978. Kwa hiyo leo unapanda kwenye jina la rais mmoja na kushuka kwenye jina la mwingine ambaye familia yake ililipia tiketi za wale vijana.

Baadaye Pan Am, shirika la ndege la Marekani, ilifika Nairobi ikipitia miji ya Afrika Magharibi. Kampuni yenyewe ilifungwa mwaka 1991.

Hii ndiyo safari ndefu kuliko zote duniani?

Hapana. Singapore hadi New York ni takriban kilomita 15,300, zaidi ya saa 18.

Nikitaka kukadiria muda wa njia nyingine mwenyewe?

Chukua kilomita, gawanya kwa 850, ongeza dakika 45. Nairobi–Amsterdam: 6,680 kwa 850 ni 7.9, ongeza robo tatu, unapata kama saa nane na dakika arobaini. Ratiba husema karibu hivyo. Kwa New York unapata saa 14 na dakika 40. Ukielekea magharibi kuvuka Atlantiki ongeza kidogo, ukirudi punguza kidogo.

Nikae upande gani nione kitu?

Kwenda, popote. Ni giza, utaona taa chache za Morocco kama uko macho.

Kurudi, omba dirisha la kushoto. Kunapambazuka ukiwa mahali karibu na Chad, jua likitokea mbele kushoto juu ya mchanga usio na mwisho. Halafu kijani kinaanza taratibu. Ikiwa siku hiyo njia imepita Uganda na mawingu hayapo, Mlima Elgon utakuwa upande wako, na muda si mrefu wahudumu wataanza kukusanya vikombe.